Mkunga Aliyesoma Vitabu vya Mauaji

Kama ulikuwa hujakimaliza kitabu chako, usingekipitisha karibu na Mkunga. Mimi nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa nimefika katikati ya hadithi moja ya mauaji, tajiri amekutwa amekufa bafuni na mlango umefungwa kwa ndani, nami nimekwisha kumshuku mke mdogo, halafu nikafanya ujinga wa kukiacha kitabu mezani kwake nikaenda kutengeneza chai. Niliporudi alikuwa amefunua kurasa za mwisho, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

"Ni daktari," akaniambia. "Tena kwa ajili ya shamba. Keti unywe chai."

Nilinuna siku nzima. Yeye hata hakuona kosa lake liko wapi. Kwake mwisho wa kitabu ulikuwa habari njema ya kumpelekea jirani, sawa na kusikia fulani kajifungua salama. Alimharibia dada yangu, akamharibia mwalimu wa Kiingereza wa shule ya sekondari, akamharibia mpaka mgeni mmoja Mjerumani aliyekuwa amesafiri na kitabu chake tangu Nairobi. Yule mgeni alicheka, lakini kitabu hakukigusa tena. Alikiacha chini ya mto, nami nikakipeleka kwa huyo huyo Mkunga.

Hatukumwita jina lingine, na hapa pia sitamwita. Alikuwa jirani yangu. Nyumba zetu zimeunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya uchochoro kutoka nyumba hii hadi ile, na mlango wa wikio letu haujawahi kutiwa komeo tangu nilipoolewa hapo. Mimi ni mpishi katika nyumba ya wageni hapa Amu, ambako wengine huita Lamu. Wageni wakiondoka huacha vitabu, maana masanduku yao yamejaa vikoi na vikapu, na vitabu hivyo vyote vilipita wikioni kwenda kwake. Alikuwa muuguzi wa uzazi wa hospitali, Kiingereza alikijua, na alipostaafu akaanza kusoma kwa pupa ya mtu aliyenyimwa maisha yake yote.

Alisoma vitabu vitatu kwa mpigo. Kimoja lazima kiwe cha mauaji. Kingine kitoke nchi ya mbali, Korea au Kolombia au Uturuki, kimefasiriwa. Cha tatu kiwe kinene, cha ukoo mzima tangu babu mpaka vitukuu, hicho alikisoma akiwa amejinyoosha kitandani mchana. Ramadhani ikiingia alivikusanya vya mauaji akavitia kabatini. "Mwezi huu sitaki damu," alisema. Mwezi ukiandama tu, kabla hata hajavaa nguo ya Idi, anauliza funguo ya kabati iko wapi.

Na alivyowagombeza hao waandishi! Mambo ya polisi aliwaachia, lakini mtu akijifungua ndani ya kitabu, ole wao. "Tazama huyu," ananisukumizia ukurasa. "Chupa ya uzazi imepasuka hapa, na mwana katoka hapa chini. Mistari mitatu! Na mama kisha anainuka kufungua mlango! Mtu huyu hajapata kuona mke akizaa, wallahi." Hapo anakipiga kitabu kibao, kofi la kweli, kisha anaendelea kukisoma.

Siku moja alikuja mgeni kutoka mojawapo ya zile nchi za barafu, mzee mpole wa miwani. Mkunga aliposikia anatoka huko akaniambia nimlete na mkewe wanywe kahawa. Wakaja. Hawajamaliza hata tende, akauliza kwao kuna nini hata kila kijiji kina muuaji, na kwa nini askari kanzu wao wote ni walevi walioachwa na wake zao. Mzee akacheka mpaka akafuta macho. Akaeleza kwamba kwao watu hawauani, mwaka mzima unaweza kupita. Mkunga alitikisa kichwa kwa adabu. Walipoondoka akaniambia, "Yuwaficha aibu ya kwao. Vyema. Mtu na asitiri kwao."

Hapo ndipo penye ajabu yake. Mwanamke huyu ambaye hakuweza kukaa na jina la muuaji wa kubuni kwa muda wa kuchemsha chai, alikaa na siri za mji mzima bila kudondosha hata moja. Nusu ya mtaa imepita mikononi mwake. Alijua mtoto yupi wa "miezi saba" alitoka na kucha ndefu kama wa tisa. Alijua nani tasa kati ya mume na mke, na ni nani aliyetukanwa kwa ajili hiyo miaka yote. Ukimchokoza, ukimwambia, "Bi, yule wa kule mwisho wa mtaa, si kweli kwamba...?" alikukata hapo hapo. "Ni amana," anasema. "Amana haiulizwi." Halafu anakuhadithia mwisho wa kitabu ambacho hujakianza.

Kuna harusi moja aliivunja. Watu wameshatia hina, wameshakubaliana mahari, siku imetangazwa. Mkunga akavaa buibui, akaenda kwa nyanyake bi harusi, akasema vijana hawa wamenyonya ziwa moja. Yeye mwenyewe ndiye aliyempelekea mama wa msichana mtoto wa kiume amnyonyeshe, siku mamake alipozidiwa na homa ya uzazi. Mkiwa mmenyonya ziwa moja ni ndugu, hamuoani, hilo kila mtu analijua. Harusi ikafa. Familia mbili hizo zilimchukia, wakamwita mfitini, na mama wa kijana alikufa bila kumwamkua. Alivumilia. Mimi nilimwamini wakati ule. Sasa sijui. Sasa nafikiri pengine ziwa lilikuwa pazia tu, na nyuma yake mlikuwa na jambo zito zaidi ambalo hakutaka kulisema. Lakini nimuulize nani? Amekwisha kwenda mbele ya haki, Mungu amrehemu.

Maradhi yalimjia kwa upole hata tukayafurahia. Alianza kusoma kitabu alichokimaliza juma lililopita akidhani ni kipya. Nikamuuliza, "Muuaji ni nani, Bi?" Akanijibu, "Niate, ndio kwanza naanza." Nilicheka sana! Nikasema alhamdulillahi, leo na yeye anasubiri kama sisi. Kisha akaweka birika motoni halina maji. Kisha akaniuliza mume wangu ni nani. Tukampeleka hospitali, na daktari, kijana wa bara mwenye heshima zake, akamuuliza maswali, akampa karatasi achore saa. Akachora duara akaliacha tupu.

Daktari akanivuta kando. "Mama, hii ni ugonjwa ya kusahau," akasema. "Dawa ya kuiondoa hatuna. Itaendelea tu. Mumpende na mumchunge."

"Tumchunge na nini?"

"Asipotee. Asijichome na moto."

Kumchunga na moto kulikuwa rahisi. Hakutuambia tumchunge na mdomo wake mwenyewe, na angejuaje, maskini?

Mji huu mgonjwa hafungiwi mlango. Kumtazama mgonjwa ni haki yake na ni thawabu yako, na Mkunga alikuwa na haki juu ya watu wengi. Wanawake walikuja kila alasiri, wanavua viatu, wanapanda, wanaketi juu ya mkeka kumzunguka. Yeye alipenda watu. Alishika kitabu mapajani, wakati mwingine juu chini, akaanza kuwahadithia anachosoma.

Siku hiyo alishika kitabu cha Korea. Akasema ndani yake mna msichana aliyeolewa haraka haraka, akajifungua mtoto wa miezi saba mwenye kucha ndefu, mnene kama papa, na mama mkwe alipouliza, mkunga akaapa kwamba ni wa miezi saba. "Bwana harusi ni yule mwenye kigugumizi," akasema, "auzaye misumari." Wanawake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekisoma kile kitabu. Ni cha bwana mmoja anayefuga nyuki, hamna harusi humo wala mtoto. Na muuza misumari mwenye kigugumizi ni mmoja tu, duka lake liko nyuma ya msikiti, na mwanawe wa kwanza sasa ana watoto wake.

Nikasema kwa sauti kubwa, "Hicho kitabu kizuri kweli, mimi nilikilia." Mtu aliyekuwa jikoni angefikiri nina wazimu.

Tangu siku hiyo nikawa mwongo wa kazi. Alivyokuwa akifungua kinywa, mimi nilifungua changu: hiyo ni ya Uturuki, hiyo ni ile ya Kolombia, hiyo nimeisoma mara mbili. Nilijaribu kila njia. Nilisimama ngazini nikawaambia watu amelala. Yeye akaita kutoka ndani kwamba hajalala, "Ni nani? Ndoo, pita, niko mato!" Nilivichukua vitabu vyote nikavificha kwangu. Akahadithia bila vitabu. Nikarudisha vitabu nikaketi mimi kumsomea mbele ya watu, ili nimzibe. Aliniacha nisome ukurasa, kisha akanishika goti kwa huruma, akasema, "Sivyo ilivyokuwa, mwanangu. Ngoja nikwambie."

Wageni nao waliongezeka. Zamani walikuja kwa thawabu, sasa walikuja kwa hadithi. Nakwambia walileta mpaka kashata.

Nilikwenda kwa shehe. Nilimwambia habari yote bila majina. Akasema huwezi kumzuia Mwislamu asimtazame mgonjwa, na mgonjwa wa akili kalamu imeinuliwa juu yake, haandikiwi dhambi.

"Na sisi tunaosikiliza?" nikamuuliza.

"Nyinyi mnaandikiwa," akasema. "Msirudie mnayoyasikia."

Haya basi, nenda ukawaambie wanawake ishirini wasirudie waliyoyasikia! Nilirudi nyumbani nikalia jikoni. Mimi ninalia nikikasirika, nikihuzunika nafua nguo, na siku ile nilifanya yote mawili. Amana aliyoibeba maisha yake yote ilikuwa inamwagika mbele yangu, na mimi sina chombo cha kukingia.

Sasa nimfikie Rukia. Rukia ni fundi wa kushona mabuibui, mwanamke wa makamo kama mimi, mtoto wa pekee wa mamake. Na mtoto huyo alipendwa! Mamake alikuwa ameharibikiwa na mimba nyingi kabla yake, kwa hivyo alimlea kwa kumpepea. Mama huyo alipofariki, Rukia alikaa hashoni kwa muda mrefu. Alikuja kumtazama Mkunga kwa kuwa ndiye aliyemzalisha, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mwisho wa rika la mamake anayeweza kumtaja.

Siku hiyo Mkunga alishika kitabu cha nchi ya barafu. Akasema, "Humu muna mke aharibikiwaye na mimba. Mumewe kasafiri. Na muna mwana mke, msichana mdogo, hana mume, kaletwa kwa mashua kufichwa, tumbo kalifunika kwa buibui la mamake." Nchi ya barafu na buibui, wapi na wapi? Nikaanza, "Hicho mimi..." lakini aliendelea. Wote wawili uchungu uliwashika siku moja, nyumba moja. Mvua ikanyesha, dari ikavuja juu ya mzazi, wakakinga maji kwa sinia ya shaba. Mtoto wa yule mke alitoka hana pumzi. Mtoto wa yule msichana alitoka akilia. "Basi mkunga kamtwaa aliaye," akasema, "kamtia mikononi mwa asiye na mwana. Yule wa mauti kamfunga kwa nguo nyeupe. Hapana aliyejua ila wao."

Wanawake walisema masikini, masikini. Mmoja alipangusa macho.

"Kitabu kizuri," nikasema. "Kina huzuni mno."

Rukia hakusema masikini. Alikaa anatazama mkeka. Watu walipoondoka alinifuata wikioni, akanishika mkono.

"Dada, kitabu kile kinaitwaje?"

Nikamtajia jina nililolitunga papo hapo, sijui hata nilisema nini, theluji na kitu gani sijui.

"Niletee nikisome."

"Ni cha Kiingereza."

"Nitasomewa na mwanangu."

Kesho yake akauliza umekipata? Nikamwambia mgeni amekichukua. Mgeni gani? Ameondoka na ndege ya asubuhi. Rukia alinitazama jinsi fundi anavyotazama mshono wa mtu mwingine. Akasema taratibu, "Mamangu alikuwa akinihadithia siku niliyozaliwa. Akisema mvua ilivuja mpaka wakanikinga kwa sinia ya shaba. Sinia hiyo ninayo. Naandalia wali."

"Dari za zamani zote zilikuwa zikivuja," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Hata za nchi ya barafu."

Nilitaka ardhi inimeze. Nimwambie nini? Nikisema kweli, nimemwua mamake mara ya pili, na si siri yangu kuitoa. Nikisema uongo, ameshajua ni uongo. Na mwenye kujua yote yuko ndani anauliza kama leo ni Ijumaa.

Rukia akawa anakuja kila siku, peke yake, mapema kabla ya wenzake. Alileta uji wa mchele, akamlisha Mkunga kwa kijiko, akamkanda miguu. Na akauliza. "Bi, yule msichana wa kwenye kitabu, alikuwa wa nani?" Mkunga akamjibu habari ya bei ya samaki. "Bi, alikwenda wapi?" Mkunga akalala. Siku nyingine alimtazama kwa wema, akamwambia hajapata kukisoma kitabu hicho, ni kizuri? Mimi nilikuwa nasimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi, namwomba Mungu amfungue kinywa na papo hapo namwomba amfunge. Sikujua ninalitaka lipi.

Mara ya mwisho niliyomsikia Mkunga akisema maneno yaliyoshikana ilikuwa asubuhi ya mvua. Rukia aliingia ameroa chepechepe. Alitundika buibui wikioni akaingia na leso moja juu ya nywele zilizolowa, anatetemeka, akapiga magoti karibu na kitanda. Mkunga aligeuza kichwa. Alimtazama muda mrefu sana, na uso wake ukawa mkali, uso ambao sikuwa nimeuona tangu maradhi yaanze.

"Umekuya tena?" akasema.

Rukia akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Nimekuja, Bi."

"Nimekwambia usiye. Ni nani aliyekuvusha na mvua hii?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Rudi Ndau. Mamako yuwakungoja, na watu wataanza kuuliza."

Ndau. Kisiwa hicho hakuwahi kukitaja alipohadithia habari za yule msichana wa mashua. Nilifungua kinywa niseme ni kitabu, ni kitabu hicho, nimekisoma. Lakini ningemwambia nani?

Rukia aliushika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. "Nataka kumuona tu, Bi," akasema. "Mara moja."

"Huwezi. Ukimuona hutamwata." Mkunga alikuwa anazungumza kwa upole sasa, kama mtu aliyewahi kuyasema maneno hayo na yakamuuma. "Yuna mama sasa. Kalala kifuani pake, kashiba. Mama yule hatamshusha chini, nakwapia." Alinyoosha mkono akamgusa Rukia kifuani, juu ya gauni lililolowa. "Maziwa yangali yakitoka? Funga leso hapa, kaza. Yatauma siku mbili tatu, kisha yatakata."

"Nitafunga," Rukia akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta.

"Sikukunyang'anya. Wajua sikukunyang'anya?"

"Najua, Bi."

"Basi nenda, mwanangu. Kabla mashua haiyaondoka."

Rukia hakuinuka. Aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa mkono wa Mkunga, akakaa hivyo. Kisha akasema, kwa sauti ndogo hata nikalazimika kusogea ili nisikie, "Mwambie nilikuja kumtazama."

Mkunga alichukua ncha ya leso yake mwenyewe akamfuta uso, jicho hili na jicho hili.

"Nitamwambia," akasema. "Akikua nitamwambia."